BIOS ya kompyuta yako: tafuta sababu kabla ya kubonyeza

Kuna ujumbe mdogo ambao siku hizi naukuta kwenye laptopu za watu wengi: za walimu, za wanafunzi wa chuo, za wenye steshenari mitaani. Unajitokeza pembeni mwa kioo, unasema kuna sasisho jipya la BIOS, kisha unampa mtu achague: sasa au baadaye. Wengi hubonyeza "baadaye" mpaka kidole kinazoea. Wachache hubonyeza "sasa" usiku, betri ikikaribia kuisha na chaja ikiwa chumba cha pili, kwa kuwa wamechoka kusumbuliwa. Ukiwatazama utadhani wanapingana, lakini kosa lao ni moja. Hakuna aliyejiuliza sasisho lile limekuja kurekebisha nini.

Msimamo wangu ni huu: BIOS, yaani programu dhibiti ya kompyuta ya nyumbani, isisasishwe kwa mazoea, wala isiachwe kwa woga. Isasishwe pale penye sababu inayotajika, siku iliyochaguliwa, kwa mikono isiyo na pupa. Sababu ikishapatikana, kuahirisha ni hasara. Isipokuwepo, kuharakisha ni kujitafutia balaa. Na uamuzi huo ni wa mwenye kompyuta, aufanye akiwa anajua anachokifanya.

Jambo hili linagusa mifuko ya watu. Katika kaya nyingi kompyuta ni moja tu. Ndiyo inayochapa mitihani ya mwalimu, ndiyo inayojaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu dirisha linapofunguliwa, ndiyo iliyobeba hesabu za duka na picha za mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Ikilala kwa fundi wiki nzima, kuna mtoto anayekosa tarehe ya mwisho, na kuna mama ambaye steshenari yake inabaki na mashine ya kutoa kopi peke yake. Kwa hesabu hiyo, kujua lini na namna gani ya kusasisha BIOS ni sehemu ya kulinda kipato cha nyumba.

Anayeamka kwanza

Kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao mafundi huuita mazabodi, kuna chipu ndogo yenye programu yake. Wengi tunaiita BIOS, jina lililoenea tangu enzi za kompyuta ya IBM ya 1981, ingawa mashine za miaka ya karibuni zinatumia mfumo mpya zaidi uitwao UEFI. Kazi yake ni ya mama wa nyumba anayeamka alfajiri kabla ya wote: anawasha moto, anapita kila chumba kuona nani yupo, ndipo anawaamsha wengine. Ukiwasha kompyuta, BIOS inaanza yenyewe, inakagua kumbukumbu, diski, kibodi na kioo, halafu inakabidhi kazi kwa Windows au Linux.

Nafasi hiyo ya kutangulia ndiyo inayolipa jambo hili uzito. Programu ya kuzuia virusi huanza kazi baadaye sana. Mhalifu aliyekwisha kujipenyeza kwenye chipu ameitangulia, na anaweza kubaki humo hata ukifuta Windows na kuiweka upya. Kwa upande mwingine, chipu hiyo ikiandikwa nusu, umeme ukakatika katikati, kompyuta inaweza kukataa kuamka. Taa itawaka, feni itazunguka, kioo kitabaki cheusi. Ndiyo maana sasisho hili halifanani na sasisho la WhatsApp, ambalo likikwama unaanza upya bila hasara.

Woga wa zamani ulikuwa na mashiko

Mafundi waliotutangulia walitufundisha kwamba BIOS ikiwa inafanya kazi, isiguswe. Hawakukosea. Miaka ya 1980 chipu nyingi za aina hii zilikuwa na kidirisha cha kioo juu yake, na ili kufuta kilichomo ilibidi kuing'oa na kuimulika kwa mionzi ya urujuanimno. Chipu zinazoandikwa upya zikiwa palepale kwenye ubao zilipoenea miaka ya 1990, urahisi ulikuja pamoja na hatari yake. Aprili 26, 1999, kirusi kilichoitwa CIH, kazi ya mwanafunzi wa Taiwan aitwaye Chen Ing-hau, kilizinduka kwenye kompyuta nyingi duniani. Kilifuta data kwenye diski, na kwenye baadhi ya mashine kikaiharibu BIOS yenyewe. Mashine nyingi za wakati ule hazikuwa na nakala ya akiba ya BIOS. Nani angethubutu kuigusa bila sababu nzito?

Lakini mambo yamebadilika, na ushauri nao lazima ubadilike. Mwaka 2018 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza kuhusu LoJax, programu hasidi ya kwanza ya UEFI kukutwa ikitumika katika mashambulizi halisi. Ilijiandika kwenye chipu, hivyo hata kubadilisha diski hakukuiondoa. Desemba 2023 watafiti wa kampuni ya Binarly walionyesha kwamba hata picha ya nembo ya mtengenezaji, ile inayotokea mashine inapowaka, ingeweza kutumiwa kama mlango wa mhalifu. Udhaifu huo waliuita LogoFAIL. Uligusa mashine za watengenezaji wengi, na dawa yake ilikuwa BIOS mpya.

Simtishi mtu. Waliolengwa na LoJax walikuwa taasisi za serikali huko Ulaya, si mwalimu wa sekondari Singida. Hata hivyo, mbinu za wakubwa hushuka kwa wadogo, na mlango ulioachwa wazi hauchagui anayepita.

Tena, si suala la wahalifu peke yao. Baadhi ya prosesa za Intel za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kuyumba: programu zinakatika, mashine inajizima bila kuaga. Julai 2024 Intel ilieleza kwamba prosesa hizo zilikuwa zinapata volti kubwa kupita kiasi, na kuanzia Agosti 2024 rekebisho likatolewa kupitia masasisho ya BIOS. Rekebisho lile liliwakinga ambao prosesa zao zilikuwa bado nzima. Zilizokwisha kuharibika hazikupona, ilibidi zibadilishwe, na Intel ikaongeza miaka miwili ya dhamana. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Aliyeendelea kubonyeza "baadaye" kwenye mashine ya aina hiyo alikuwa anaiacha iungue taratibu.

Je, basi tusasishe kila linapokuja jipya? Hapana. Januari 2018, baada ya udhaifu wa prosesa uitwao Spectre na Meltdown kutangazwa, masasisho yalitolewa kwa kasi, na kabla mwezi haujaisha Intel yenyewe iliwataka watu waache kwanza kuyaweka, kwa kuwa baadhi ya mashine zilikuwa zinajizima na kujiwasha ovyo. Mwaka 2019 Kaspersky ilifichua kwamba hata programu rasmi ya masasisho ya ASUS iliwahi kutekwa na wahalifu na kutumiwa kusambaza programu hasidi. Waliosubiri kidogo walinusurika na mengi.

Sababu nne zinazotosha

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: sababu ni ipi? Mimi naziona nne.

Ya kwanza ni usalama, pale mtengenezaji anapotangaza kwamba toleo jipya linaziba udhaifu mkubwa na kuliweka kwenye kundi la dharura. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utakuwa wa nywila zilizoibwa na akaunti za benki zilizofunguliwa na mtu asiyejulikana.

Ya pili ni ugonjwa unaouona kwa macho yako, na ambao maelezo ya sasisho yanautaja. Laptopu haichaji vizuri, haiamki ikishalala, feni inapiga kelele muda wote. Ukisoma maelezo ya toleo jipya ukakuta ugonjwa wako umeandikwa humo, umepata dawa. Usipoukuta, usitarajie muujiza. Peleka mashine kwa fundi akague diski, betri na vumbi kwanza.

Ya tatu ni kifaa kipya. Mazabodi nyingi za AMD zilizotoka 2017 hazikuitambua prosesa ya Ryzen 5000, iliyotoka 2020, mpaka zilipowekewa BIOS mpya. Watu wamewahi kununua prosesa nzuri, wakaifunga, mashine isiwake, wakadhani wameuziwa kitu kibovu. Mwenye kompyuta ya mezani anayetaka kuiongezea nguvu aangalie kwanza orodha ya mtengenezaji, na aweke BIOS mpya akiwa bado na prosesa ya zamani.

Ya nne ni mahitaji ya mfumo endeshi. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai kinga iitwayo TPM 2.0. Kwenye mashine nyingi kinga hiyo imo tayari, ila imezimwa kwenye menyu ya BIOS. Hapo huhitaji sasisho, unahitaji kuiwasha tu. Lipo pia suala la vyeti vya Secure Boot, yaani kinga inayohakiki kwamba kinachoiwasha kompyuta ni halali. Vyeti ambavyo Microsoft ilivitoa 2011 vilipangiwa kuanza kuisha muda Juni 2026. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo, huendelea kuwaka, lakini hukosa kinga mpya za hatua ile ya kwanza kabisa. Vyeti vipya huletwa na masasisho ya Windows, ila baadhi ya mashine hutaka kwanza BIOS mpya ya mtengenezaji. Huyu ndiye mgeni ambaye kaya nyingi hazijui kama anabisha hodi.

Nje ya hizo nne, sioni sababu. Kutaka kompyuta iwe nyepesi si sababu, kwani mara nyingi wepesi unatafutwa kwenye kumbukumbu na diski. Namba ya toleo kuwa kubwa zaidi si sababu. Rafiki kusasisha yake si sababu, kwa kuwa hata laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na mazabodi tofauti.

Siku gani, saa ngapi

Ukishapata sababu, chagua siku. Kama si jambo la dharura, lipe toleo jipya wiki mbili au tatu. Likiwa na kasoro, ndani ya muda huo mtengenezaji huwa ameliondoa au ametoa jingine. Kisha tazama kalenda ya nyumba. Usisasishe jioni ya kuamkia mwisho wa maombi ya mkopo wa mwanao, wala siku unayopaswa kukabidhi ripoti. Jumamosi asubuhi, fundi unayemwamini akiwa kazini na simu yake ikipatikana, ni wakati mzuri kuliko Jumapili usiku.

Halafu umeme. Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi za wenzetu unapotupungukia. Sisi tunaujua umeme wetu. Agosti 25, 2023 Kenya ilipata giza karibu nchi nzima, na Aprili 1, 2024 hitilafu ya gridi ya taifa ikaiacha sehemu kubwa ya Tanzania bila umeme. Acha hayo makubwa. Kukatika kwa dakika chache mtaani hakutangazwi hata redioni. Mwenye laptopu ana nafuu, maana betri yake ni mlinzi: ijaze, kisha iache kwenye chaja. Laptopu nyingi hukataa kuanza kazi hii bila chaja na bila betri kufikia kiwango fulani, na kizuizi hicho kisizungukwe. Mwenye kompyuta ya mezani asithubutu bila UPS yenye betri nzima. Kama hana, aazime ya ofisini au ya jirani. Na mawingu ya masika yakishatanda, aahirishe.

Kazi yenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo anza na nakala za akiba. Hamisha nyaraka na picha zako kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kisha fungua menyu ya BIOS na upige picha kwa simu kila ukurasa, kwa kuwa sasisho mara nyingine hurudisha mipangilio ya kiwandani, na kipengele kimoja cha diski kikibadilika Windows inaweza kukataa kuwaka.

Baada ya hapo tafuta ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski. Laptopu nyingi mpya za Windows 11 hufunga diski zenyewe mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na mwenye nayo asijue. BIOS ikibadilika, mashine inaweza kushtuka na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa laptopu. Je, akaunti hiyo ni yako, au ni ya kijana wa dukani aliyekuwekea Windows? Swali hili limewapotezea watu kazi za miaka. Lijibu kabla hujagusa chochote, andika ufunguo kwenye karatasi, kisha isimamishe BitLocker kwa muda mpaka kazi iishe.

Sasa jua ulichonacho. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na utaona modeli ya mashine, toleo la BIOS na tarehe yake. Linganisha na ukurasa wa msaada wa mtengenezaji kwa modeli yako kamili au kwa namba iliyobandikwa chini ya laptopu. Soma maelezo yote. Matoleo mengine hudai upitie toleo la kati kwanza, na mengine yakishaingia hayakuruhusu kurudi nyuma. Faili lichukuliwe kwa mtengenezaji tu. Faili la kupewa kwenye flashi na mtu, au la kupakua kwenye tovuti isiyojulikana, ni rahisi kulipata, na rahisi huvunja upishi. Wenye Mac hupata programu dhibiti pamoja na masasisho ya macOS, na wenye Linux wanaweza kuipata kupitia fwupd, iwapo mtengenezaji wao anashiriki.

Kisha funga programu zote, chomoa flashi na vifaa usivyovihitaji, anzisha, na uondoe mikono. Kioo kinaweza kuwa cheusi, feni zikapiga kelele, mashine ikajizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Hayo ni ya kawaida. Anayebonyeza kitufe cha kuzima kwa hofu kwamba imekwama ndiye anayeiua. Waambie watoto wasiiguse, usifunge kifuniko, na uwe na subira. Haraka haraka haina baraka, na hapa ukweli huo unaonekana papo hapo.

Ikienda mrama

Tuseme mambo yameharibika. Usikimbilie kununua kompyuta nyingine. Laptopu nyingi za HP zina njia ya kujirejesha kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na B wakati wa kuwasha, na nyingi za Dell kwa Ctrl pamoja na Esc. Baadhi ya mazabodi za mezani zina kitufe maalumu kinachosoma BIOS kutoka kwenye flashi hata kama mashine haiwaki. Vyote vikishindikana, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kuifufua. Mwombe jambo moja: kabla ya kufuta chochote, achukue nakala ya kilichomo, maana humo mna namba ya utambulisho wa mashine yako, na faili la mashine ya mtu mwingine litakuletea utambulisho usio wako.

Kuwepo kwa njia hizi ndiko kunakoupunguzia nguvu ule woga wa zamani. Hatari ipo, lakini si tena hukumu ya kifo.

Wauzaji nao wawajibike

Nimeutwika mzigo mwingi mgongo wa mnunuzi, na si haki aubebe peke yake. Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo, au Nairobi kwa jina la ex-UK, zilikuwa za maofisi ya ng'ambo, na nyingine zimepitia Dubai kabla ya kutufikia. Zinakuja na BIOS ya miaka iliyopita. Baadhi zinakuja na nywila ya BIOS ya ofisi iliyozimiliki, hivyo mnunuzi hawezi kubadilisha mpangilio wowote. Nyingine bado zina mfumo wa Absolute, ambao hukaa ndani ya programu dhibiti ili kampuni iweze kuifuatilia mashine yake, na ambao unaweza kujirudisha hata baada ya diski kufutwa. Mzazi anatoa akiba ya mwaka kumnunulia mwanawe laptopu ya chuo, kumbe kanunua mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwingine.

Muuzaji anayepiga rangi kifuniko na kubadilisha kibodi anaweza pia kuweka BIOS ya mwisho kabla ya kuuza. Ana umeme, ana fundi, ana intaneti, na ana mashine kadhaa za modeli moja, hivyo kazi inayomtisha mwalimu nyumbani kwake ni ya kawaida mezani kwa muuzaji. Vyama vya watetezi wa walaji na mamlaka zinazosimamia biashara wanapaswa kulidai hilo kama wanavyodai risiti na dhamana.

Mpaka lidaiwe, mnunuzi ana nguvu moja, nayo ni pesa iliyo bado mfukoni. Kabla ya kuitoa, mwambie muuzaji afungue menyu ya BIOS mbele yako bila kuombwa nywila. Mwambie akuonyeshe tarehe ya toleo lililomo. Mwambie akufungulie ukurasa wa mtengenezaji muone kama modeli hiyo bado inapewa masasisho, kwa maana mashine iliyoachwa na mtengenezaji wake haifai kwa kazi za benki hata kama inang'aa. Akishindwa hata kimoja, vuka barabara uende duka linalofuata. Wauzaji wakianza kupoteza wateja kwa sababu ya BIOS, wataisasisha.